Kugawa chumba kwa ukuta wa jipsamu katika nyumba ya boriti, hapa Lamu

Nyumba za zamani za Amu, yaani Lamu, zina vyumba virefu na vyembamba, na aliyeamua upana huo si mwenye nyumba wala mwashi, ni mkoko. Boriti, yaani miti ya mkoko inayobeba dari, zikiwa ndefu na zilizonyooka ni shida kupatikana, kwa hiyo vyumba vingi havifiki mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu ndio huongezwa mtu atakavyo. Chumba chetu cha juu, huku mtaa wa Langoni, kina upana wa mita 2.7 na urefu unaokaribia mita 8, na watoto waliokuwa wakilala humo wamefika umri ambao binti hataki tena kubadilisha nguo nyuma ya pazia.

Mimi nilitaka matofali. Mwashi mzee niliyemwita aligonga sakafu kwa kisigino, akashuka chini kutazama dari, akapanda tena akihema. "Mwanangu," akasema, "dari hii imebeba harusi, lakini watu wa harusi asubuhi huondoka. Ukuta hauondoki."

Hesabu zilimuunga mkono. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6 hupita kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Wangu ungekuwa karibu mita 8 za mraba, yaani zaidi ya tani moja na nusu juu ya boriti mbili tatu ambazo hakuna aliye hai aliyeziona zikiwekwa. Ukuta wa jipsamu wenye mifupa ya bati na bodi moja kila upande huwa kwenye kilo 20 hadi 25 kwa mita ya mraba. Na siku ukichoka nao unaufungua skrubu, nyumba inabaki ilivyokuwa.

Hilo la mwisho lina uzito hapa kwetu. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba ikiwa ndani ya mipaka yake, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa uwaeleze unachotaka kufanya kabla hujanunua hata skrubu moja. Kitu chepesi kinachoondoleka hueleweka haraka kuliko nondo na zege. Na popote utakapopitisha ukuta wako, usikate zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wala nakshi ya plasta. Mimi nilisogeza mstari wangu sentimita 40 kwa sababu ya kidaka kimoja ambacho ndani yake mna redio mbovu ya marehemu baba.

Wakati wa kuanza

Jipsamu ni madini yenye maji ndani yake, karibu moja ya tano ya uzito wake, yaliyobanwa kati ya karatasi mbili. Maji hayo ya ndani ndiyo huifanya isishike moto upesi. Maji ya nje ndiyo adui yake. Bodi ikinyonya, karatasi huvimba, moyo wake hulainika kama biskuti iliyochovywa chai, na hairudi ilivyokuwa hata uianike wiki nzima.

Kwa hiyo, panga kazi iangukie kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa inapokuwa kavu kidogo. Masika yakishaingia na kusi kuanza kuvuma, hata taulo halikauki, sembuse fila ya kuziba maungio. Najua kwa sababu nilianza mwezi wa Mei, na nitakusimulia mbele.

Kununua na kufikisha

Bodi ya kawaida ni mita 2.4 kwa 1.2. Kwa ukuta chukua unene wa milimita 12 au 12.5; ile nyembamba ya 9 ni ya dari, na mtoto akiiegemea ukutani kwa goti anatoboa. Rangi ya karatasi ina maana: nyeupe au kijivu ni ya kawaida, ya kijani imetiwa dawa ya kustahimili unyevu, ya waridi ni ya kuchelewesha moto. Kwa Lamu mimi hununua ya kijani hata kwa chumba cha kulala. Bei inazidi, lakini unalala. Hata hivyo ya kijani nayo si ya kumwagiwa maji. Inavumilia hewa mbichi tu.

Kwa ukuta wa mita 2.7 kwa 2.95 wenye mlango mmoja, pande zote mbili, bodi 6 hutosha kwa hesabu, nunua 7. Ongeza stadi, yaani nguzo za bati, za milimita 70, za mita 3, kama 10 hivi. Chaneli za juu na chini, yaani reli za kushikia stadi, za upana huohuo. Boksi la skrubu za milimita 25 zenye meno membamba. Tepu ya karatasi. Fila ya unga, mfuko wa kilo 20. Na kona za plastiki kama utakuwa na pembe za nje. Stadi za milimita 50 ni rahisi zaidi, lakini kwa ukuta wa karibu mita 3 kwenda juu, mlango ukibamizwa na upepo ukuta wote hutetemeka kama ngoma.

Skrubu hizo zitazame vizuri. Zile nyeusi za kawaida zina kinga kidogo sana dhidi ya kutu, na chumvi ya bahari haizisahau. Baada ya mwaka unaona vidoa vya kahawia vimejipanga ukutani kama shanga, vimepenya fila na rangi. Tafuta zilizopakwa zinki. Ukikosa, kila kichwa kipake rangi ya mafuta ya kuzuia kutu kabla ya fila. Kazi ya kuchosha, lakini afadhali kuliko vidoa.

Kufikisha ni habari nyingine. Mzigo unashuka Mokowe, upande wa bara, unaingia boti, unafika gatini, halafu vichochoro. Mwenye punda alizitazama bodi zangu, akazizunguka, akatikisa kichwa: "Hizi, bwana, ni za mabega ya watu. Punda akipinda kona ya kwanza umepoteza mbili." Alisema kweli. Bodi moja ina uzito wa kilo 25 hivi. Hubebwa na watu wawili, imesimama kwa ubavu, kamwe isilazwe kama sinia maana hukatika katikati kwa uzito wake yenyewe. Pima kabla ya siku hiyo kona nyembamba kuliko zote njiani na mpindo wa ngazi ya nyumbani kwako. Ngazi yangu ilikataa. Tulizipandisha kwa kamba kupitia uwazi wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, jirani yuko juu anavuta na mimi chini naomba dua.

Na usiziweke chini gatini hata dakika mbili. Niliziegemeza ukutani nikaenda kulipa boti, wimbi la boti lililopita likarusha maji, bodi ya nje ikanywa sentimita 10 za chini. Nilikata kile kipande nikakitupa. Nyumbani zilaze juu ya vipande vya mbao, mbali na sakafu, zikae siku mbili ndani ya chumba chenyewe zizoee hewa yake.

Mifupa

Anza juu. Boriti katika chumba kama hiki hulala kukatisha upana, na ukuta wako pia unakatisha upana, kwa hiyo utakwenda sambamba nazo. Chagua boriti moja ukuta upite chini yake. Boriti ni mti wa duara na umepinda, chaneli haikai juu yake. Funga kwanza ubao wa inchi mbili kwa tatu uliopakwa dawa ya mchwa chini ya ile boriti, ukijazia vipande vya mbao panapoachana mpaka pima-maji ikubali. Toboa tundu dogo kwa drili kabla ya skrubu: mkoko wa miaka mingi ni mgumu hasa, nilivunja skrubu tatu nikidhani ni mbao za duka.

Ukishapata ubao wa juu, teremsha timazi kutoka ncha zake mbili na uweke alama sakafuni. Usipime kutoka ukutani. Kuta za mawe na chokaa hazijanyooka, na ukifuata ukuta wako wa kushoto utajikuta umeingia chumba cha jirani. Piga kamba yenye chaki kati ya alama hizo mbili, na huo ndio mstari.

Chaneli ya chini haigusi sakafu moja kwa moja. Tandika chini yake ukanda wa nailoni nzito, upana sawa na chaneli, na hivyohivyo nyuma ya stadi zinazogusa kuta za zamani. Ukuta wa mawe ya matumbawe unanyonya na kupumua. Utaona unga mweupe wa chumvi ukitoka kwenye plasta kila mwaka. Unga huo ukigusa bati siku zote, bati huliwa. Sakafuni toboa na kutia fisha (plagi ya plastiki ya kushika skrubu) kila sentimita 50 hadi 60, usizame zaidi ya sentimita 4 au 5, maana chini yako pia kuna watu. Katika ukuta wa chokaa drili isipige nyundo. Zima ile nyundo, zungusha tu, la sivyo bonge zima la plasta litaanguka pamoja na vumbi la karne.

Stadi zinasimama ndani ya chaneli, sentimita 40 kutoka kati hadi kati. Vitabu vingi huruhusu 60, na kwa watu wazima inatosha, lakini humu wanalala watoto wenye mpira. Kila stadi ikate fupi kuliko uwazi kwa sentimita moja na usiifunge kwenye chaneli ya juu. Dari ya boriti inashuka na kupanda kidogo watu wakitembea juu yake, na ukuta usiokuwa na nafasi ya kupumua juu utapasuka mahali ambapo hukutarajia. Zote zielekee upande mmoja, mgongo wa moja utazame tumbo la nyingine.

Pale penye mlango tia mbao ndani ya stadi za pande zote mbili, kutoka chini hadi juu. Bati peke yake haishiki bawaba. Na fikiria sasa vitu utakavyotundika: rafu, kioo, televisheni. Funga ubao wa kulala kati ya stadi kwa urefu huo, halafu piga picha ukuta ukiwa wazi na futi imeonekana kwenye picha. Picha hiyo utaitafuta.

Nyaya za stima apitishe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ndani ya mabomba ya plastiki, wakati huu ambapo kila kitu kiko wazi. Hilo silifanyi mwenyewe na sikushauri.

Kukata na kufunga bodi

Kukata ndiko kunakofurahisha. Weka rula ndefu ya bati kwenye uso wa bodi, pitisha kisu cha wembe mara mbili, kata karatasi na kidogo tu ya moyo. Simamisha bodi, piga goti nyuma ya mstari: inavunjika tak, imenyooka. Kata karatasi ya nyuma kwa kisu, malizia ukingo kwa msasa mkali. Matundu ya swichi yachore kwanza, kisha tumia msumeno mdogo wenye ncha.

Panapokutana bodi na ukuta wa zamani, rula haikusaidii. Fanya hivi: simamisha bodi wima karibu na ukuta iwezekanavyo, chukua kipande cha mbao chenye upana wa uwazi mkubwa zaidi unaouona, kibane na penseli, kisha kiteleze ukutani kutoka juu hadi chini huku penseli ikichora kwenye bodi. Kila tumbo na kila bonde la ule ukuta vitahamia kwenye karatasi. Kata kwa msumeno kufuata mchoro. Mara ya kwanza bodi yangu ilipoingia na kukumbatia ule ukuta mkongwe bila mwanya, nilimwita mke wangu aje aone. Aliona, akauliza chakula cha mchana atapika nani.

Bodi isiguse sakafu. Iinue sentimita moja kwa vipande vya mbao, maana kwetu sakafu huoshwa kwa ndoo na maji hutafuta njia. Ule mwanya utafichwa na ubao au vigae vya chini ya ukuta.

Skrubu ziwe kila sentimita 20 kandokando, 30 katikati, na zisikaribie ukingo zaidi ya sentimita moja. Ukingo uliokatwa uupe moja na nusu. Kichwa kizame kidogo tu, karatasi ibonyee bila kupasuka. Hapo ndipo wengi huharibu kwa drili yenye haraka. Kinachoshika bodi ni karatasi, si moyo wake. Skrubu iliyopasua karatasi ni kama haipo. Ikitokea, tia nyingine sentimita 5 pembeni.

Kwa kuwa ukuta ni mrefu kuliko bodi, kutakuwa na kiraka cha nusu mita hivi. Bodi ya kwanza ianzie chini na kiraka kiwe juu, ya pili ianze na kiraka chini, ili maungio yasijipange kwenye mstari mmoja, na nyuma ya kila ungio la kulala funga kipande cha chaneli. Upande wa pili wa ukuta maungio yaangukie stadi tofauti na za upande wa kwanza. Juu ya mlango kata bodi kama herufi L izunguke pembe; ungio likiwekwa sawasawa na pembe ya mlango litapasuka ndani ya mwezi, hilo nakuhakikishia.

Fila

Kufunga kulinichukua siku mbili. Fila ilinichukua majuma matatu, na ningeifanya kwa moja kama ningesikiliza.

Kuna fila ya ndoo, iliyokwisha kuchanganywa, na fila ya unga unayochanganya mwenyewe. Ya ndoo hukauka kwa maji yake kutoka na kwenda hewani. Ya unga inayojigandisha hukauka kwa kemia yake, dakika 20 hadi 90 kutegemea aina, hewa iwe mbichi au kavu. Mimi nilinunua ya ndoo kwa sababu ni laini mkononi, na ilikuwa Mei. Tabaka la kwanza juu likaonekana jeupe, nikapaka la pili. Chini lilikuwa bado bichi. Baada ya siku nne mistari yote ilipasuka kama tope la kidimbwi, na tepu ikawa na madoa ya kijivu yenye harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Nilibandua zote. Sasa tabaka la kwanza hulipaka kwa unga unaojigandisha, na ile ya ndoo naiweka kwa tabaka la mwisho, basi.

Changanya kidogo kidogo kwenye ndoo safi: maji kwanza, unga juu yake, uache unywe dakika mbili, ndipo ukoroge. Ukiinua skrepa, fila ibaki imeshika bila kudondoka. Ndoo yenye mabaki makavu hugandisha fila mpya kabla hujamaliza, basi ioshe kila mara. Iliyoanza kugumu itupe, usiongeze maji.

Jaza ungio, bandika tepu ya karatasi iliyoloweshwa kidogo juu ya fila ikiwa mbichi, kisha ivute kwa skrepa ya inchi 6 kutoka katikati kwenda nje mpaka fila ya ziada itoke pembeni. Ibaki kidogo chini ya tepu. Ukiikamua yote tepu itainuka kama ngozi ya lengelenge. Tepu ya nyavu inayojishika ni rahisi kwa mgeni wa kazi, lakini iwe na fila ya unga tu.

Tabaka la pili upana wa sentimita 20 hadi 25, la tatu 30 au zaidi, kila moja jembamba. Ungio halipotei kwa kuwa na fila nene, linapotea kwa kuwa na fila pana. Vichwa vya skrubu navyo vipate mara tatu. Kati ya tabaka na tabaka gusa kwa mgongo wa kiganja: kukiwa na ubaridi, bado. Madirisha wazi, feni ya chini inavuma sambamba na ukuta, si moja kwa moja.

Msasa namba 150 kwa mkono mwepesi, barakoa usoni, mlango umezibwa kwa shuka mbichi, maana unga ule utaukuta hata ndani ya sufuria. Usiku zima taa, weka tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukimbie juu yake. Kila kilima na kila mkwaruzo vitatoa kivuli. Vizungushie penseli, uvirekebishe asubuhi.

Rangi na pembe

Fila na karatasi hazinyonyi rangi sawa. Ukipaka moja kwa moja, maungio yote yataonekana kama mbavu. Pitisha kwanza rangi ya msingi, iache usiku mmoja, tazama tena kwa tochi, ndipo mikono miwili ya rangi ya maji isiyong'aa. Inayong'aa husema kila siri ya fila yako. Boriti zisiguswe.

Panapokutana jipsamu na ukuta wa chokaa, na pale juu chini ya ubao, usitie fila. Kuta hizo mbili haziendi pamoja. Tia silanti ya akriliki inayovutika, ilainishe kwa kidole kilichochovywa maji. Hata hivyo, upande wa kushoto wa wangu, karibu na kile kidaka cha redio, kila kusi inapoingia hutokea ufa mwembamba kama unywele wa mtoto, na kaskazi inapoingia hujifunga wenyewe. Mwaka wa kwanza niliuziba mara mbili. Sasa nauacha.